Mistari Aliyoipiga Mjomba

Nakala yangu ya *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania* ni ya kuazima. Mwenyewe ni mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenipa mwaka 2004 nikiwa kidato cha tano na kuniambia nikimaliza nimrudishie. Sijamrudishia. Jalada limekatika pembe, ukurasa wa kwanza una jina lake kwa kalamu ya bluu, na ndani kuna sentensi nyingi alizozipigia mstari kwa rula. Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuwa diwani. Hata akisoma kwa hasira, anatumia rula.

Mwaka 2015 nilimfanyia kampeni. Nilichukua likizo kazini Dar es Salaam, nikarudi kwetu, mji mdogo wa barabara kuu mkoani Tanga, nikapita nyumba kwa nyumba kumwombea kura. Alishinda. Mwaka 2018 alihama chama. Tangu siku hiyo kitabu kimekaa kwenye rafu yangu kama kumbukumbu ya deni, ingawa kwa haki anayedaiwa kitabu ni mimi. Mwezi huu nimekisoma tena, mara mbili, nikitaka kujua kama kinaweza kunisaidia kupima kilichotokea. Kimenisaidia, lakini kwanza ilibidi nigombane nacho.

Tukumbushane kilihusu nini. Julius Nyerere alikiandika mwaka 1993, akiwa ameacha urais tangu 1985 na uenyekiti wa CCM tangu 1990. Kilichapishwa Harare, kitabu chembamba ambacho msomaji mwenye nafasi anakimaliza jioni moja. Mwaka huo nchi ilikuwa imetikiswa mara mbili. Kwanza Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, wakati mambo ya nje ni ya Muungano, kisha ikajitoa. Halafu wabunge 55 wa Bara, waliokuja kuitwa G55, wakapeleka bungeni hoja ya kuunda Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Serikali ilianza kwa kuipinga hoja hiyo. Mwezi Agosti ikaikubali, na Bunge likaipitisha. Bunge zima wakati huo lilikuwa la CCM, maana lilichaguliwa mwaka 1990, kabla ya vyama vingi kurudi. Na sera ya CCM, siku hoja ilipoingia na siku ilipopita, ilikuwa serikali mbili.

Hapo ndipo hasira ya kitabu inapoanzia. Nyerere anazo hoja zake dhidi ya serikali tatu: kwamba Serikali ya Tanganyika ingekuwa na watu na mali nyingi kiasi cha kuifanya ya Muungano ining'inie hewani, na kwamba Muungano usingedumu. Lakini ukikisoma kwa utulivu utaona kwamba nusu ya kitabu haihusu idadi ya serikali. Inahusu watu waliosema hivi asubuhi wakasema vile jioni. Anawakabili Waziri Mkuu na Katibu Mkuu wa chama, John Malecela na Horace Kolimba. Shtaka lake ni kwamba walikuwa walinzi wa sera, wakaiacha bila kuwauliza wenye sera, kisha wakabaki kwenye viti vyao kana kwamba hakuna kilichotokea. Anataka wawajibike. Mwaka uliofuata Bunge lilirudi nyuma, na Desemba 1994 Rais Mwinyi alipounda upya serikali, Waziri Mkuu alikuwa Cleopa Msuya.

Kama kazi ya uandishi, kitabu kina nguvu ambayo siioni mara nyingi katika maandishi yetu ya siasa. Tumezoea sentensi zisizo na mtenda: imeonekana kwamba, kuna baadhi ya viongozi, ipo haja. Mwandishi huyu anasimulia kama mzee aliyekaa barazani: alikwenda wapi, alikutana na nani, aliambiwa nini, kisha akasikia nini. Anajiweka ndani ya kisa, hata pale anapotoka humo akiwa mzee aliyezungukwa. Mjomba alipiga mistari mingi zaidi katika sehemu hizo. Pembeni ya sehemu moja, inayohusu wajibu wa kiongozi anayeona sera ya wenzake haifai, ameandika kwa herufi kubwa: KWELI.

Lakini kuna hesabu ambayo kitabu hakiifanyi, nayo ni hesabu ya mwandishi mwenyewe.

Nyerere ndiye aliyeongoza nchi kuingia katika chama kimoja kisheria mwaka 1965. Ni yeye pia, mwaka 1990, aliyefungua mjadala wa vyama vingi kwa kusema hadharani kwamba si dhambi kuvizungumzia. Tume ya Jaji Francis Nyalali ikazunguka nchi nzima, na karibu wanne kati ya kila watano waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume hata hivyo ikapendekeza vyama vingi. Ikapendekeza pia, katika taarifa hiyohiyo, shirikisho la serikali tatu. Pendekezo la kwanza Nyerere aliliunga mkono, wingi wa waliolikataa haukumzuia. La pili alilipinga mpaka mwisho, na mwaka 1993 akawataka waliolikubali waeleze ni lini waliwauliza wanachama. Swali lake ni zuri. Lakini msomaji ana haki ya kumrudishia.

Kuna kesi nyingine mbili. Mwezi Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra iliyojitenga na Nigeria, na Nyerere alitetea uamuzi huo kwa hoja kwamba umoja usio na ridhaa ya watu hauna msingi. Wananchi wa Zanzibar na Tanganyika walikuwa wameunganishwa miaka minne kabla bila kura ya maoni. Na Januari 1984 Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Jamhuri, alilazimika kujiuzulu nyadhifa zake Dodoma baada ya kugundulika kwamba alikuwa akiandaa hoja ya kisheria kuhusu muundo wa Muungano. Mwaka 1994 alichapisha kitabu chake kwa Kiingereza kutoa upande wake. Waliomhukumu walisema alifanya kwa siri. Mimi nauliza: mwaka 1984, kiongozi aliyetaka kubadili sera hiyo kwa uwazi angepitia mlango gani? Kitabu cha 1993 kinawadai viongozi wapite mlangoni, lakini mtu aliyeonekana karibu na mlango ule miaka tisa kabla alitolewa nje.

Nilipofika hapa katika usomaji wangu wa kwanza nilikuwa karibu kukifunga. Nilimwona mwandishi kama mjomba tu, mjomba mkubwa wa taifa, anayepiga mistari kwenye makosa ya wengine. Kilichonirudisha ni kijitabu chake kingine, *Tujisahihishe*, cha mwaka 1962. Alikiandika miezi michache baada ya kuacha uwaziri mkuu ili akajenge chama, na mada yake ni makosa ya watu wa TANU wenyewe, ikiwamo tabia ya kupima ukweli wa jambo kwa kumtazama aliyelisema. Miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliandika tathmini iliyokiri waziwazi kwamba nchi bado haijafika na kwamba mengine yalikosewa. Kwa hiyo huyu si mtu aliyeamini kwamba kubadilika ni usaliti. Alijua kujisahihisha kuna utaratibu: unasema ulikuwa wapi, unasema umeona nini, unasema sasa uko wapi, na unawaambia waliokuwa nyuma yako. Kosa la kitabu cha 1993 ni kwamba kinaudai utaratibu huo kwa wengine bila mwandishi kuufuata yeye mwenyewe ndani ya kurasa zile. Ubora wake ni kwamba kinautaja.

Bahati mbaya ni kwamba hicho ndicho tulichokisahau. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lilipokaa Dodoma kujadili rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, ambayo ilirudisha serikali tatu mezani, jina la Mwalimu lilitajwa na kila upande. Waliotaka serikali mbili walikuwa na hitimisho lake mfukoni. Sharti lake, kwamba sera haibadilishwi wala hailindwi bila kuwauliza wenyewe, lilipata wasemaji wachache. Wajumbe wa UKAWA walitoka nje mwezi Aprili, na Oktoba waliobaki wakapitisha katiba iliyopendekezwa, yenye serikali mbili, ambayo mpaka leo haijapigiwa kura na wananchi.

Mwaka mmoja baadaye UKAWA nao walipata mtihani wao. Edward Lowassa, aliyejiuzulu uwaziri mkuu mwaka 2008 kwa sakata la Richmond na ambaye kwa miaka mingi majukwaa ya upinzani yalimtaja kama mfano wa ufisadi, tuhuma alizozikana, alihamia Chadema mwishoni mwa Julai 2015 na kuwa mgombea urais wa umoja huo. Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa Chadema, alitangaza kujiondoa katika siasa za vyama. Miaka miwili baadaye aliteuliwa kuwa balozi na serikali ya chama alichokuwa amepambana nacho. Lowassa alirudi CCM Machi 2019. Mjomba aligombea udiwani kwa tiketi ya chama kimoja kati ya vilivyoungana. Mwezi Juni alikuwa akimsema Lowassa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Agosti alikuwa akimnadi. Na mimi, ninayeandika uhakiki huu, nilipita nyumba kwa nyumba Septemba na Oktoba nikimnadi vilevile. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiambia kwamba siasa ni hesabu.

Kuna insha moja ya Kimarekani inayonisaidia kueleza kilichotupata. Mwaka 1964, mwaka uleule wa Muungano, mtaalamu wa siasa Philip Converse alichapisha utafiti kuhusu jinsi imani za kisiasa zinavyoshikana kichwani mwa mtu. Aliwalinganisha wagombea wa Bunge la nchi yake wa mwaka 1958 na wapiga kura wa kawaida. Kwa wagombea, ukijua msimamo wa mtu katika jambo moja unaweza kubahatisha misimamo yake katika mengine. Kwa wapiga kura wengi, hapana: imani zao hazikufungamana, na wengine walipoulizwa swali lilelile baada ya miaka miwili walijibu kama wanaorusha shilingi. Wanasiasa na wanaharakati wakiisoma insha hiyo lazima wajisikie vizuri. Wao wana mfumo, sisi wengine tuna fujo.

Nikimtazama mjomba naona Converse alikuwa sahihi, na naona pia kwa nini usahihi huo haututoshi. Jumatatu moja ya mwaka 2018 mjomba alikuwa na imani zilizofungamana: katiba mpya lazima, mikutano ya hadhara ni haki, halmashauri inatafuna ushuru wa soko. Jumatatu iliyofuata alikuwa na imani nyingine, nazo zimefungamana vizuri vilevile: katiba si kipaumbele, huu ni wakati wa kazi, halmashauri inajitahidi. Hakuna hata moja iliyobaki nyuma. Zilihama pamoja kama vyombo vya nyumba kwenye lori moja. Ungemhoji siku yoyote kati ya hizo mbili ungepata mtu mwenye msimamo. Converse mwenyewe alieleza kwamba imani nyingi huja kwa mafungu yaliyokwisha kupangwa na wachache, na wengine huyapokea yakiwa yamefungwa tayari. Asiyekuwepo katika majedwali yake ni mtu anayepokea fungu jipya na kuwaambia jirani zake kwamba la zamani hakulipoteza wala halikuwahi kuwapo.

Mkabala na nyumba ya mjomba kuna mama anayeuza vitumbua. Mwaka 2015 sufuria zake ndizo zilizopika chai ya mawakala wetu. Kwa vipimo vya Converse mama huyu angeanguka vibaya: anataka ushuru upunguzwe na anataka zahanati ijengwe, anasema wanasiasa wote ni wamoja na hakosi kupiga kura. Lakini kuna jambo moja ambalo hajalibadilisha tangu nimfahamu, akimwambia mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, hata anayemkopesha unga: kama mambo yamebadilika, uje uniambie wewe mwenyewe. Habari za mjomba alizisikia redioni, pamoja na yale maneno tuliyoyazoea miaka ile, kwamba amekwenda kuunga mkono juhudi. Nilipokwenda nyumbani mwezi ule hakuniuliza habari za mjomba. Aliniuliza yangu. "Wewe ndiye uliyekuja hapa kwangu na karatasi. Ulituambia nini?"

Sikumjibu. Nilinunua vitumbua nikaondoka.

Kwa mjomba nilikwenda Idd iliyofuata. Wakati huo alikuwa ameshashinda uchaguzi mdogo kwa chama chake kipya, na bomba la maji lilikuwa limefika sokoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Karibu. Umekuja kunisomesha?"

Alinieleza bila kuzunguka. Miaka mitatu alikuwa ameandika barua za maji na hakuna aliyemjibu. Aliambiwa, si kwa maandishi, kwamba kata yake inajichelewesha yenyewe. Akahama, maji yakaja. Aliniuliza kama ningependa abaki na msimamo wake, na akina mama wabaki na ndoo zao. Ni hoja nzito, na sitaki kujifanya kwamba ninayo ya kuizidi. Mimi nanywa maji ya chupa Dar es Salaam.

Nikamwambia, "Hayo uliyoniambia mimi, kwa nini hukuwaambia wao? Ulikuwa diwani wao. Ungeita mkutano pale sokoni."

"Wangenizomea."

"Pengine."

Alinyamaza, akanimiminia chai. Baadaye akasema kwamba kitabu chake bado ninacho.

Nimeifikiria zomeazomea hiyo kwa muda mrefu, na naamini ndiyo inayokosekana katika mazungumzo yetu yote kuhusu viongozi wenye msimamo na wasio na msimamo. Tunawasifu wasiobadilika, lakini wako wasiobadilika kwa sababu hawasikii. Tunawacheka wanaohama, lakini yuko anayehama kwa sababu ameona ndoo. Ninachoweza kumdai mtu niliyemchagua ni asimame mbele yangu siku anayobadilika, kabla sijasikia kwa mwingine, akubali kuzomewa, na kama kiti chake kilitokana na kauli ya kwanza, akiweke rehani. Sheria yetu inamtaka diwani anayehama chama apoteze kiti na kukigombea upya. Mjomba alilipa deni hilo la kisheria. Lile la sokoni hakulilipa, na uchaguzi wake wa pili haukulifuta, maana hata kwenye kampeni aliwaambia watu habari za bomba tu, hakuwaambia habari za barua.

Kwa kipimo hicho *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania* ni kitabu kikubwa chenye pengo. Kinadai kitu sahihi, kutoka kwa mtu ambaye alikuwa na uwezo kuliko wote wa kuonyesha kinavyofanyika. Kama angeongeza sura moja akieleza 1965 na 1990 kwa mkono uleule, Malecela na Kolimba wasingekuwa na pa kujificha, na sisi tuliokuja baadaye tungekuwa na mfano badala ya amri. Bado nawashauri vijana wakisome. Wakisome pamoja na *Tujisahihishe*, na wakifika mwisho wajiulize ni kauli gani waliyoibadilisha wao na nani hajaambiwa.

Mimi orodha yangu ni fupi. Wiki mbili zilizopita nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye benchi la mama wa vitumbua, nikamwambia kwamba mwaka 2015 nilimletea jina la mtu ambaye miezi michache kabla nilikuwa nikimsema vibaya, kwamba nilijua, na kwamba sikumwambia kwa sababu nilitaka mjomba ashinde. Nikamwambia na habari za barua za maji, kwa kuwa mjomba hajazisema. Alikuwa akigeuza vitumbua, hakuniangalia. Akasema alishajua hilo la kwanza. La barua hakulijua, na akauliza kwa nini diwani hakulisema mwenyewe.

Nikamwambia nitamuuliza. Idd ijayo nitamrudishia mjomba kitabu chake, na nitamwomba anisomee kwa sauti ile sehemu aliyoiandikia KWELI.